Miaka Mitatu kwa Shangazi Zaitun

Barua ya tarehe ilifika siku ya Alhamisi, ndani ya simu ya dada Sabra, wakati anapepeta mchele. Alipiga ukelele mmoja, ungo ukamtoka mikononi, na kuku wa jirani wakapata riziki ambayo hawakuiomba. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umempangia usaili wa viza ya mke: Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa moja na nusu asubuhi, Dar es Salaam. Tulikuwa na siku kumi na tisa.

Kwa faida ya wasiotufahamu, niseme kwamba dada yangu alikuwa mke wa mtu kwa miaka miwili na miezi mitatu, na katika muda huo wote alikuwa amekaa na mumewe siku ishirini na moja. Shemeji Abdulswamad alikuwa karani wa forodha hapahapa Tunduma kabla bahati nasibu ya viza haijampeleka Ohio, ambako sasa anaendesha lori. Alirudi akaoa, akakaa wiki tatu, akaondoka. Yaliyobaki yalikuwa simu, karatasi na kusubiri. Sabra alikuwa amefikia hatua ya kulala na simu chini ya mto, na majirani walikuwa wamefikia hatua ya kumuuliza kama kweli ana mume au ana namba ya mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa shughuli hii. Sikugombea nafasi hiyo. Nilipewa kwa sababu ndani ya nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyesoma shule ya bweni, na baba anaamini kwamba mtoto aliyekula maharage yenye wadudu kwa miaka minne hawezi kushindwa na Kiingereza cha fomu yoyote duniani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Sifa zangu shuleni, kusema kweli, hazikuwa za fomu. Zilikuwa za kuiga sauti ya mwalimu wa nidhamu kutoka nyuma ya mlango, mpaka bweni zima likajipanga mstari uwanjani bila kuitwa na mtu. Lakini baba hakuwa na katibu mwingine.

Tulianza matayarisho kwa heshima zote. Cheti cha ndoa kilikuwepo. Cheti cha kuzaliwa kilifuatwa wilayani Chitete kwa bodaboda, na Sabra alirudi ana vumbi mpaka kwenye kope, cheti amekifunga kifuani ndani ya mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Hati ya polisi ya Tanzania ilikuwa imeshatoka. Picha za harusi zilichaguliwa, na baba akatoa amri kwamba ile aliyofumba macho isipelekwe nchi za nje.

Ushahidi wa mapenzi ulichapishwa dukani kwa Mbonile, mzee wa Mlowo mwenye steshenari karibu na stendi. Ubalozi unataka kuona kwamba mke na mume huwasiliana, kwa hiyo tulichapisha meseji zao za miaka miwili. Mbonile alizisoma zikiwa zinatoka kwenye mashine, maana huwezi kumzuia mtu kusoma kitu kinachotoka kwenye mashine yake.

"Naila," aliniita. "Hawa watu wanapendana, au wana njaa?"

Nikaangalia. Ukurasa mzima ulikuwa "umekula?" na "nimekula, wewe je?" Nilihesabu baadaye: tisini na nne.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku tisa, niliitisha usaili wa majaribio. Nilikuwa nimesikia kwamba msailiwa husimama mbele ya dirisha, kwa hiyo niliteua dirisha la jikoni, lenye nondo. Nikavaa koti la Idi la baba, miwani yake ya kusomea na uso wa serikali. Sabra akasimama uani na faili lake. Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mwananchi mwema aliyekuja kushuhudia utawala bora.

"Nyoosha mkono wa kulia," nilisema kwa sauti nzito. "Waapa kusema kweli?"

"Naapa. Naila, usinichekeshe."

"Hapa hakuna Naila. Mume wako anapenda chakula gani?"

"Makande."

"Marekani kuna makande?"

"Nitampelekea."

"Andika hapo," nilimwambia karani asiyekuwepo, "msailiwa anakusudia kuingiza makande." Baba alicheka mpaka kiti kikalia. "Mlikutana wapi?"

"Dukani kwa shangazi Zaitun. Alikuja kununua mchele. Akalipa, akaondoka bila mchele."

"Na wewe ulikuwa umefuata nini dukani?"

"Sikufuata kitu, nilikuwa naishi palepale kwa shangazi."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu. Tangu nina kumi na sita."

"Na hapo kwa shangazi," niliuliza, nikivuta miwani mpaka nchani mwa pua, "ni nchi gani?"

Naapa niliuliza kwa mzaha. Nilikuwa narundika maswali ili nionekane balozi. Lakini Sabra alishusha faili, na kicheko cha baba kilikatika katikati. Kwa sababu shangazi Zaitun anaishi Nakonde, na Nakonde ni Zambia.

Mtu wa mbali ataona ni maajabu kwamba tulisahau. Basi aje akae Tunduma wiki moja. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa shangazi ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na kumi kati ya hizo ni za kupenya kati ya malori. Watu huvuka kwenda kunyolewa. Huvuka kwenda msibani na ndala miguuni. Hakuna anayesema amesafiri. Adhana ya msikiti wetu inasikika sebuleni kwa shangazi, na saa ya ukutani kwake, ambayo ingepaswa kuwa nyuma ya yetu kwa saa moja, aliiacha ifuate ya kwetu ili asikose swala.

Shangazi alipofiwa na mumewe, mtu wa kulekule, ukoo ulifanya kinachofanywa: mjane haachwi alale peke yake, hupewa mtoto wa ndugu. Akapewa Sabra. Kwa miaka mitatu Sabra alilala Nakonde na kusoma Tunduma, akivuka asubuhi na sare zake za shule, na baada ya kumaliza akakaa dukani hukohuko mpaka shangazi alipozoea upweke na posa ilipokuja. Sisi tulisema yuko kwa shangazi. Kwa shangazi haikuwa nchi. Ilikuwa kwa shangazi.

Nilivua koti. Nilikuwa nimekumbuka fomu.

Ile fomu kubwa ya viza niliijaza mimi, miezi minane nyuma, kwenye kompyuta ya Mbonile, naye amesimama na kufuli mkononi anataka kufunga. Swali lilikuwa wazi kabisa: tangu ulipofika umri wa miaka kumi na sita, umewahi kuishi mahali pengine? Sabra alikuwa pembeni yangu anatafuna karanga. Sikumuuliza. Nilibonyeza "hapana" na kusonga mbele, kwa kasi ya mtu anayejua Kiingereza.

Nilikwenda kuyasoma upya maelekezo yote, safari hii polepole, kidole kikifuata mstari. Aliyeishi nchi nyingine zaidi ya mwaka mmoja baada ya umri huo, alete hati ya polisi ya nchi hiyo. Na atakayepatikana ametoa maelezo ya uongo kwa kukusudia, mlango wa Marekani unaweza kufungwa kwake maisha yake yote. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu nikitafuta mzaha ndani yake.

Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kulala si kuishi."

"Baba."

"Kulala si kuishi, Naila. Mlinzi wa benki analala benki, mbona hawamwambii anaishi benki? Mtoto alikuwa anakula hapa mchana, anasoma hapa, kadi ya kliniki ya hapa. Alikwenda tu kulala kwa shangazi yake. Nani atajua?"

"Wakiniuliza tulikutana wapi na mume wangu?" Sabra aliuliza.

"Sema sokoni. Soko ni soko."

"Na mkono wa kiapo nimeunyoosha?"

Baba ni mtu wa swala tano na alikuwa analijua jibu, kwa hiyo alipiga simu Ohio ili jibu litoke kwa mtu mwingine. Shemeji alikuwa amesimamisha lori mahali fulani, na upepo wa kwao ulisikika mpaka kwetu. Sabra alimweleza.

"Subiri," shemeji alisema. "Nakonde? Sabra, mimi nimekuja pale dukani kila siku mwaka mzima. Nimejaza fomu za mipaka miaka sita, ndiyo kazi yangu ilikuwa. Mbona hata mimi sikuona?"

"Hakuna aliyeona."

"Hati ya Zambia inachukua muda gani?"

"Alama za vidole zinakwenda Lusaka. Wiki sita, miezi mitatu. Wanasema tofauti tofauti."

"Na ukiahirisha usaili?"

"Hawasemi lini watanipa tarehe nyingine."

Aliguna. Halafu sauti yake ikapanda, na sikuwahi kumsikia shemeji akipandisha sauti. "Miaka miwili, Sabra! Nimekodi nyumba ya vyumba viwili, nalala chumba kimoja, kile kingine nakiangalia. Nani alijaza 'hapana'? Nani?"

Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya wote. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuomba likizo tangu nizaliwe, ulichukua likizo. Sabra alinitazama, kisha akaitazama simu.

"Tulijaza pamoja," alisema.

Shemeji alisema lazima aendelee na safari. Hakuaga vizuri. Na mimi, mwenye kuiga sauti za walimu, sikuwa na sauti yangu mwenyewe ya kusema sentensi ya maneno mawili.

Kesho yake tulivuka kwenda kwa shangazi. Alikuwa dukani anapima mchele kwa kopo, kitenge kiunoni, anabishana na mteja kwa Kibemba. Alipotuona akaigeuza lugha bila kugeuza uso.

"Marahaba, hata kabla hamjaamkia. Bi harusi wa kwenye simu, umekuja kuniaga?"

"Shikamoo shangazi. Tumekuja kukuomba."

Sabra alieleza. Alisema angehitaji kwenda polisi pale Nakonde kuomba hati, na wangeuliza aliishi wapi, kwa nani, kwa kibali gani. Shangazi aliendelea kupima. Kopo lilikuwa linajaa na kumwagika na yeye analijaza tena.

"Kibali," alisema. "Ulikuwa na kibali gani?"

"Sikuwa nacho."

"Ulikuwa na godoro. Godoro nililinunua mimi." Akamkabidhi mteja mzigo wake, akangoja aende. Kisha akatuinamia juu ya magunia. "Nyie watoto mnajua mimi ni nani hapa? Hapa mimi nimezaliwa Nakonde. Hivyo ndivyo kadi yangu inavyosema, na ndivyo shemeji zangu walivyoniambia niseme ili nipate hili duka. Upande wa pili mimi nimezaliwa Kondoa, na kitambulisho ninacho, na kura napiga. Miaka ishirini serikali mbili hazijakutana ndani ya pochi yangu. Sasa wewe unataka kuzikutanisha, ili ukale mikate ya Wamarekani?"

"Shangazi, sitaki kukuumiza."

"Basi usiniumize. Nenda kaseme ulilala kwa baba yako."

"Niseme uongo?"

"Mimi nilisema, nikaishi." Alivuta pumzi. Alikuwa amekasirika na alikuwa ameogopa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kugundua kwamba mtu mzima anaweza kuwa na vyote viwili huku akiendelea kukung'uta kopo. "Naila, mbona leo umekaa kimya kama umemeza funguo? Kuleni. Kuna ndizi na dagaa wa kapenta hapo ndani. Mkishakula mwende, na jina langu mliache hapa."

Tulikula. Zilikuwa tamu, na hiyo ilifanya mambo yawe mabaya zaidi.

Tulipanda basi la alfajiri siku ya Jumatano, kwa sababu vipimo vya afya vilipaswa kufanyika Dar kabla ya usaili. Baba alitusindikiza stendi. Alimwambia Sabra, "Utakachosema, useme kwa sauti," na hakuongeza neno, nikaelewa kwamba alikuwa ameacha kumshauri. Njiani nilijaribu kuendeleza usaili wa majaribio. Baada ya Makambako Sabra aliniomba niache. Alisema kila nikimuuliza anapata jibu moja zuri na jibu moja la kweli, na anaanza kuchanganya lipi ni lipi.

"Ungependa nikusemee?" nilimuuliza. "Naweza kuiga sauti yako."

Hakucheka. "Naila, nikisema ukweli nitapoteza tarehe na pengine shangazi. Nikisema uongo nitampata Abdulswamad, halafu kila mlango ukigongwa kule Ohio nitadhani wamekuja kuniuliza habari za Nakonde. Wewe ungechagua nini?"

Shule ya bweni inafundisha mengi lakini hilo halikuwa kwenye mtaala. Nilimwambia sijui. Ilikuwa mara ya kwanza katibu kukiri.

Jumanne ile aliingia ubalozini peke yake, na mimi nilibaki ng'ambo ya barabara chini ya kibanda cha muuza maji, nimeshika simu yake maana simu haziingii. Yaliyotokea ndani nayasimulia kama alivyonisimulia. Aliitwa dirisha la tatu. Nyuma yake alikuwepo mama wa Kizungu mwenye nywele fupi, anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Mbonile. Alimwambia anyooshe mkono, na Sabra alipomaliza kuapa hakungoja swali.

"Fomu yangu ina kosa," alisema.

Yule mama akaacha kupekua. "Kosa gani?"

"Imeandikwa sijawahi kuishi nje ya Tanzania. Nimeishi Zambia miaka mitatu."

"Kwa nini iliandikwa hivyo?"

"Ni kwa shangazi yangu. Ni jirani. Tulisahau kwamba ni nchi nyingine."

Sabra anasema yule mama alimtazama kwa muda mrefu, si kwa ubaya, kama mtu anayetazama sarafu ambayo hajawahi kuiona. "Nani alijaza?"

"Mdogo wangu. Hakujua. Na mimi sikujua."

"Kwa shangazi yupi? Jina lake kamili na mtaa."

Hapo ndipo penyewe. Mkono wake ulikuwa umeshashuka, lakini anasema aliuhisi bado uko juu. Alitaja jina lote, la shangazi na la babu, na mtaa.

Waliendelea. Waliuliza kuhusu harusi, kuhusu lori, kuhusu makande. Waliangalia picha mbili tu. Zile kurasa za "umekula" hakuna aliyezigusa. Mwisho yule mama alirekebisha fomu, akampa karatasi ya rangi: viza haijatoka, ombi halijafungwa, alete hati ya polisi ya Zambia, ana mwaka mmoja. Alisema hawezi kumwahidi chochote, ila amefanya vizuri kusema kabla ya kuulizwa.

Alivuka barabara ameshika karatasi hiyo kwa mikono miwili. Nilimpa maji. Alikunywa nusu chupa, akaniambia nimpigie shemeji kwa sababu yeye hana nguvu.

Nikapiga. Kule kulikuwa bado giza, lakini aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Sabra?"

"Ni mimi, shemeji. Naila. Hawajampa. Wanataka hati ya Zambia." Nilimsikia akikaa, au akianguka kwenye kiti. Nikaendelea kabla mdomo haujachukua likizo tena. "Na aliyejaza 'hapana' ni mimi. Peke yangu. Sikumuuliza Sabra. Alikuwa anakula karanga."

"Ungesema siku ile, shemeji," alisema taratibu. "Nimekaa wiki nzima nimemkasirikia mke wangu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mpe simu." Nikampa, nikaenda kusimama upande wa pili wa kibanda, ambako muuza maji aliniuliza kama nimefiwa.

Tulirudi Tunduma Alhamisi. Hatukupitia nyumbani. Tulishuka na mabegi yetu, tukapenya katikati ya malori, tukavuka. Ilikuwa siku ya soko, na shangazi alikuwa na wateja watano. Sabra alisimama mbele yao wote.

"Shangazi, nimekutaja."

Kopo lilibaki hewani. "Umenitaja wapi?"

"Ubalozini. Waliuliza niliishi kwa nani. Nilikuwa nimeapa."

"Jina lote?"

"Lote."

Nilidhani atampiga. Nadhani hata wateja walidhani hivyo, maana mmoja alirudi nyuma kulinda unga wake. Shangazi aliliweka kopo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Nimekulaza miaka mitatu. Ulikuwa unaota ndoto mbaya, unanipiga mateke mgongoni, nakufunika. Nikakuomba kitu kimoja."

Sabra alikuwa analia bila sauti. "Sikuenda polisi, shangazi. Hiyo karatasi naweza kuiacha. Mwaka ukipita, ombi litafungwa lenyewe. Wamarekani hawatakuja hapa Nakonde kukutafuta. Ukisema niache, naacha."

Na alimaanisha. Mimi nalala naye chumba kimoja, najua sauti yake akiwa anadanganya na akiwa hadanganyi. Angeacha. Angebaki na simu chini ya mto na majirani mlangoni, na kile chumba cha Ohio kingebaki kinaangaliwa.

Shangazi aliwahudumia wateja watatu kwanza. Aliwapimia sawasawa, hakumpunja mtu. Kisha akanitupia aproni.

"Wewe mwenye Kiingereza. Kaa hapa. Mchele wa Kyela ni gunia la kushoto, usiuchanganye." Akamshika Sabra kiwiko. "Twende sasa hivi, kabla akili yangu haijarudi."

Waliondoka saa nne. Niliuza. Walioniuliza bamayo Zaitun, yaani mama Zaitun, yuko wapi niliwaambia ana shughuli, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kubuni shughuli yenyewe. Saa sita ilipita. Saa nane ikapita. Saa tisa nilifunga duka, nikaenda kituoni mbio.

Niliwakuta kwenye benchi la nje. Vidole vyote kumi vya Sabra vilikuwa vyeusi, anavifuta kwa gazeti na wino unazidi kusambaa.

"Nani yuko dukani?" shangazi aliuliza.

"Nimefunga." Nikampa funguo, nikakaa.

"Umefunga saa tisa? Siku ya soko?"

"Kwa huku ni saa nane, shangazi."

Alikaribia kucheka. Midomo ilikwenda upande, ikarudi.

Sabra alinieleza kwa sauti ya chini. Alama za vidole zilikuwa zimechukuliwa. Zingekwenda Lusaka na hati ingerudi baada ya wiki kadhaa. Yule askari hakuwa mkali. Aliuliza tu nani alimpa makazi bila kibali, na kabla Sabra hajafungua mdomo, shangazi alisimama mwenyewe akasema ni yeye. Akaombwa kadi. Akaulizwa amezaliwa wapi. Akasema Kondoa. Kadi ikapelekwa chumba cha ndani, kwa watu wa uhamiaji, na mpaka saa hiyo haikuwa imetoka.

"Kwa nini hukusema Nakonde?" nilimuuliza shangazi. "Umesema miaka ishirini."

"Huyu alikuwa amekaa hapa pembeni," alisema, akimwonyesha Sabra kwa kidevu. "Ana wino mikononi, ananitazama. Ningesemaje?"

Mlango ukafunguliwa. Askari alisoma jina kutoka kwenye kadi, lote, kama Sabra alivyolitaja Dar es Salaam. Shangazi aliinuka, akakaza kitenge, akaniwekea funguo za duka mapajani.

"Kesho fungua mapema."

"Utafungua wewe mwenyewe, shangazi," Sabra alisema.

Shangazi aliingia ndani ameinua kichwa, anamsalimu askari kwa Kibemba kama mteja wa siku zote. Sabra aliinuka amfuate. Yule askari alinyoosha kiganja kumzuia, bila ukali, akaonyesha kidole kimoja: mmoja tu. Kisha akafunga mlango.